Tope Lililokufa Juu ya Shamba la Nduma

Dada yangu mkubwa alijikata kwa panga kwenye mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, akiwa anasafisha nduma kwenye kijito chake. Jeraha lenyewe halikuwa kubwa. Lakini alikuwa na ugonjwa wa sukari, na muuguzi wa zahanati alimwambia waziwazi kwamba mguu ule usiguse maji mpaka upone, la sivyo ataupoteza. Dada alirudi nyumbani, akaufunga kwa kitambaa, akazungushia kitambaa karatasi ya nailoni, akautia kwenye gamubuti, buti lake refu la mpira. Asubuhi iliyofuata alikuwa amesimama majini tena.

Kwetu ni kwenye miteremko iliyo kati ya Othaya na Kiriaini. Juu kuna chai, chini yake kahawa, na chini kabisa, pale ambapo hakuna kingine kinachoota, nduma, yaani magimbi, zinasimama ndani ya kijito na majani yake mapana. Nduma haichimbwi kutoka ukingoni. Mkulima huingia, maji yakimfika karibu na magoti, akainama, akapapasa mizizi kwa mikono. Ikikomaa inataka kutoka. Ukiichelewesha inakuwa ya majimaji, na mnunuzi wa Karatina akiikata mara moja kwa kisu hakuulizi swali, anaondoka.

Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya mtambo wa kusafisha maji taka, Nyeri mjini. Niliingia pale nikiwa kijana wa kuosha chupa. Mengine niliyasoma mwenyewe, kwenye vitabu vilivyotumika nilivyonunua vikiwa vimepangwa kwenye magunia kando ya barabara, vingine bila jalada, vingine vikiwa vimekatwa sura niliyoihitaji. Watu wengi hudhani maji taka husafishwa na mashine. Mashine hupuliza hewa tu. Kazi hufanywa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hula uchafu, huvuta oksijeni, na hushikamana kuwa vipande vya kahawia tunavyoviita tope hai. Tope hai halinuki kinyesi. Hunuka udongo uliotoka kunyeshewa.

Juu ya shamba la dada kuna shule ya bweni ya wasichana. Binti yake wa mwisho anasoma pale. Shule ina mtambo wake mdogo: tangi la zege linalopulizwa hewa, tangi la pili ambamo tope hutuama, na bomba linalotoa maji yaliyosafishwa hadi kijitoni, hatua chache juu ya nduma za kwanza. Kwa miaka mingi bomba lile lilitoa maji ambayo usingeyatofautisha na ya kijito. Nilipokwenda kumwona dada, Jumamosi moja ya mapumziko yangu, lilikuwa linatoa kitu cha rangi ya chai ya maziwa.

"Toka huko ndani, dada," nilimwambia kutoka ukingoni.

"Guka amekuja," alisema bila kuinuka. Aliniita guka, yaani babu, tangu utotoni, kwa sababu nilipewa jina la babu yetu. "Guka, salimia watu kwanza ndio uanze kutoa amri."

"Muuguzi alikwambia nini?"

"Aliniambia nisiguse maji. Si unaona nimevaa gamubuti?"

"Hiyo gamubuti inaingiza maji."

"Inaingiza kidogo. Hii maji inatoka mlimani, wewe. Nyanya alikunywa hapa mpaka meno yakaisha."

"Maji ya mlima hayana povu."

"Povu ni ya sabuni. Wasichana wanafua Jumamosi." Aling'oa nduma moja, akaisuuza palepale, akanirushia miguuni. "Sasa si wewe ndio daktari wa choo? Pima. Hizo chupa zako zikisema ni mbaya, natoka, naapa. Lakini ziseme zenyewe. Zisiseme na mdomo yako."

Nilimwambia kwamba kupima kunachukua siku tano, na kwamba angetoka kwanza halafu tusubiri jibu yeye akiwa nchi kavu. Alicheka. Alikuwa na mistari miwili ya nduma iliyokomaa.

Nilipanda shuleni. Mwalimu mkuu alinisikiliza akiwa amesimama, akaniruhusu kuchukua maji na tope, akaniomba nimpe jibu bila kulipamba. Mzee anayetunza mtambo alinionyesha mashine ya hewa. Ilikuwa inanguruma vizuri; mkanda mpya, mafuta mapya.

"Hewa iko," alisema. "Mashine haina makosa. Lakini tangu muhula ufunguliwe hiyo kitu imekataa. Nusa."

Nilinusa. Tope halikuwa linanuka udongo tena.

Alasiri hiyo nilikuwa maabara. Nilianza na jaribio rahisi kuliko yote, la silinda ya lita moja. Unajaza tope, unaliacha litulie kwa nusu saa, unatazama. Tope zuri hushuka lote pamoja, kama blanketi linaloteremshwa, na juu yake hubaki maji unayoweza kusoma gazeti kupitia kwake. Hili lilikatika vipande. Sehemu ilianguka upesi kama mchanga, sehemu ikabaki ikielea, na katikati maji yalikaa na ukungu hata nusu saa ilipopita.

Kisha hadubini. Kwenye tope lenye afya kuna kiumbe ninachokitafuta kabla ya vingine, chenye umbo la kengele juu ya kikonyo chembamba. Kikishtuka, kikonyo hujikunja kama springi, kisha hunyooka polepole. Nimewatazama viumbe hao kwa miaka, na sijawahi kuwachoka. Siku ile nilikuta vikonyo vimesimama kila mahali bila kengele juu yake. Nilisogeza kioo kushoto na kulia. Hakuna kilichojikunja.

Jaribio la tatu ni la pumzi. Unajaza chupa tope lililokwisha kupulizwa hewa, unaingiza kipima oksijeni, unafunga. Tope hai huila oksijeni ukiwa unatazama, na namba hushuka kama mafuta ya gari mlimani. Namba ya tope la shule ilikaa palepale. Nilidhani kifaa kimeharibika, nikakiingiza kwenye tope la mtambo wetu wa mjini. Namba ikashuka mara moja. Nilikirudisha. Palepale.

Mwisho nilitayarisha chupa za maji ya bomba lile. Hizi ndizo dada alizoziita chupa zangu. Ni chupa nene za kioo zenye vizibo vya kioo. Unatia maji machafu kiasi, unajaza kwa maji safi yenye hewa, unapima oksijeni, unazifungia gizani kwenye kabati lenye joto lisilobadilika, na baada ya siku tano unapima oksijeni iliyobaki. Ile iliyopotea imeliwa na viumbe wakila uchafu; kwa hiyo ndiyo kipimo cha uchafu wenyewe. Hakuna njia ya kuziharakisha. Nimeona wakubwa wa ofisi wakisimama mlangoni mwa kabati lile na kuuliza kama haliwezi kuongezwa joto.

Alhamisi nilizitoa. Chupa yenye maji machafu mengi ilipaswa kuwa imepoteza oksijeni nyingi, na yenye machache kidogo. Zilikuwa kinyume. Iliyotiwa machache ilikuwa imekula. Iliyotiwa mengi ilikuwa karibu kama nilivyoifunga. Mtu anayesoma chupa moja tu, hiyo ya pili, angeandika kwamba maji ni safi.

Dada alipiga simu kabla sijampigia.

"Zimesema?"

"Zinabishana."

"Aje zinabishana?"

"Yenye maji machafu mengi imekula hewa kidogo kuliko yenye machache."

"Si basi ni safi?"

"Hapana. Kuna kitu ndani ya hayo maji kinawaua wale wanaokula. Ukitia mengi, wanakufa wote, na chupa inakaa kimya. Ukitia machache, wachache wanaishi."

"Guka, mimi nilikuuliza swali ya ndio ama la."

"Nami nakwambia utoke hata kabla ya jibu."

"Zikimaliza kubishana unipigie."

"Mguu je?"

"Uko."

Jumamosi iliyofuata nilibeba vichupa vitatu mfukoni: chumvi ya iodini, asidi kidogo, na uji mwepesi wa wanga nilioupika mwenyewe. Vikichanganywa na maji yenye klorini hutoa rangi ya buluu. Nilikuwa nimefikiria dawa za mashambani, rangi za nguo, mafuta ya mashine. Klorini niliiweka kwenye orodha kwa sababu tu ni rahisi kuipima. Nilichuchumaa penye bomba, nikajaza bilauri, nikatia vya mfukoni. Buluu ilikuja mara moja, nzito kama wino.

Nikiwa bado nimeishika bilauri nilisikia nyimbo kutoka juu. Nilifuata sauti hadi vyoo vya bweni. Kulikuwa na akina mama wa chama cha kanisa, wamefunga vitambaa vya kichwa vya rangi moja, wakisugua sakafu kwa mifagio huku wakiimba. Kwenye ukuta palikuwa pamepangwa mitungi ya plastiki ya klorini. Kila mmoja akimaliza kusugua choo, alimimina humo klorini kutoka kwenye mtungi bila kupima, mpaka moyo wake uridhike, kisha akasema amina. Dada yangu alikuwa wa tatu kutoka mlangoni, na gamubuti lake, akimimina.

Mwanzoni mwa muhula wasichana walikuwa wameharisha. Ilikuwa imepita, lakini akina mama walikubaliana kanisani kwamba haitarudi. Walichanga, wakanunua, wakagawana zamu za kila Jumamosi. Huku kwetu mama hasemi anampenda mtoto. Anasugua kitu. Na choo ambacho hakinuki dawa mpaka macho yatoke machozi, hakihesabiwi kuwa kimeoshwa.

"Ona daktari wa choo," dada aliwaambia wenzake. "Amekuja kukagua kazi yetu."

"Mwambie aingie avue viatu," mwingine akasema, wakacheka.

Nilimwonyesha bilauri. Nilieleza vile nilivyoweza. Niliwaambia kwamba choo hakiishii chooni. Kwamba chini kuna tangi lenye vijidudu wanaokula uchafu, na dawa hii inawafikia na kuwaua, na sasa uchafu unapita kama ulivyo hadi kijitoni.

"Kwa hivyo sisi tunaua wadudu wako," alisema mama aliyekuwa mwenyekiti wao. "Si ndio maana ya dawa?"

"Ng'ombe akipewa dawa nyingi ya tumbo anafanya nini?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Anaacha kucheua."

"Na chakula?"

"Kinatoka vile kilivyoingia." Aliutazama mtungi. Hakuwa mtu mjinga hata kidogo. "Sawa. Na mtoto wangu akihara tena, nitaambia nani? Wewe?"

Nilimwambia klorini itiwe kwenye matangi ya maji ya kunywa, kwa kipimo, na vyoo vioshwe kwa sabuni, na wasichana wawekewe sabuni ya mikono. Alisema atalipeleka jambo hilo kwenye mkutano. Waliweka mitungi chini, lakini niliona wameiweka karibu.

Dada alinisindikiza hadi kwenye tangi. Alitembea akiukunja ule mguu kidogo, kama mtu anayekanyaga changarawe. Alisimama akitazama lile tope la kijivu likizunguka hewani.

"Hii yote inakuja kwangu?"

"Yote."

"Na mimi ndio namwaga."

"Wewe na wenzako."

"Tangu ufunguzi." Aligeuka kutazama bondeni, akasema, "Kumebaki mstari mmoja, guka. Mtu wa Karatina anakuja Jumatano. Nikiumaliza huo nakaa nyumbani, hata mwaka."

Nilibishana naye mpaka sauti ikanipanda. Nilijitolea kuchimba mwenyewe Jumapili. Akasema Jumapili haichimbwi, na mimi ningekata mizizi. Nilimwambia basi aniruhusu niutazame huo mguu. Alisema nitautazama Jumatano, nduma zikishapanda gari. Nilichukua maji ya bomba tena, pamoja na yale yanayoingia tangini, safari hii nikajua la kufanya: kuiua klorini kwanza kwa chumvi inayoivunja nguvu, halafu kutia kwenye kila chupa tone la viumbe hai kutoka mtambo wetu, ili pawe na wa kula. Nilizifungia gizani jioni ile.

Jumatano jirani yake alinipigia. Alikuwa amemkuta dada ameketi ukingoni mwa kijito, anatetemeka juani, haelewi anachoulizwa. Walikuwa wamelikata gamubuti kwa kisu kwa sababu halikuvulika. Jirani hakutaka kunieleza zaidi kwenye simu. Nduma zilikuwa zimefungwa kwenye magunia, tayari.

Katika hospitali ya mjini daktari alituambia kwamba anaweza kuokoa mguu au mtu. Walimkata Alhamisi asubuhi, chini ya goti. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi pamoja na binti yake, bado na sare ya shule. Dada alipoingizwa ndani nilimwambia binti ninakwenda kazini na nitarudi. Alinitazama bila kuamini. Lakini chupa zilikuwa zimetimiza siku zake, na chupa ikipitishwa siku yake haisemi kweli. Nilizisoma moja baada ya moja. Mkono wangu ulikuwa umetulia kuliko ilivyofaa. Safari hii hazikubishana. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye bomba la shule yalikuwa machafu sawa na yale yaliyokuwa yakiingia. Mtambo ulikuwa bomba tu, refu na la gharama.

Niliosha chupa, nikazipanga zikauke, nikarudi hospitalini.

Mwalimu mkuu nilimpa jibu kama alivyotaka, bila kulipamba. Mitungi iliondolewa vyooni. Tulipakia mapipa ya tope hai kutoka mtambo wetu kwenye pikapu, tukayamimina kwenye tangi la shule, kama mtu anayetia maziwa ya jana kwenye kibuyu ili ya leo yagande. Mara ya kwanza lilikufa, kwa sababu bado kulikuwa na dawa iliyobaki kwenye mabomba. Mara ya pili lilishika. Kila wiki nilipanda kulitazama. Maji ya silinda yalianza kung'aa, namba ya oksijeni ikaanza kushuka kama inavyopaswa, na muhula ukielekea mwisho niliona kengele ya kwanza ikijikunja na kunyooka. Niliitazama kwa muda mrefu. Sikuhisi furaha niliyoitarajia.

Dada alikuwa amerudi nyumbani wakati huo, ameketi kwenye kochi na kisiki cha mguu wake juu ya mto. Akina mama wa chama walimtembelea kwa zamu, wakapika, wakafua, wakasugua nyumba nzima. Wote walizungumza juu ya sukari. Hakuna aliyetaja kijito. Walipoondoka siku moja alinishika kwa mkono wa koti.

"Guka. Niambie vile unaambia wakubwa wako wa kazi. Ni mimi nilijifanyia hii?"

Nilikuwa nimeshalitayarisha jibu hilo, kwa sababu nilijua litaulizwa.

"Tope lilikufa kwa klorini," nilisema. "Klorini ilimwagwa na nyinyi. Uchafu ulikufikia kwa sababu hiyo. Hayo nimeyapima. Lakini mdudu aliyeingia kwenye kidonda sijui alitoka wapi. Hakuna aliyempima. Matope ya shamba yana wadudu wake hata bila shule."

"Hiyo si jibu."

"Ndiyo niliyo nayo."

"Unajua watu wengine wangeniambia hapana tu."

"Najua."

Aliniachia koti. Baadaye aliomba chai, akaniambia nisitie sukari, kana kwamba ningesahau.

Shamba la nduma hakuliuza. Alimkodishia mama kijana kutoka ng'ambo ya bonde, mwenye watoto wadogo, na kabla ya mama huyo kuingia majini, dada alinipigia.

"Huyu ana miguu miwili," alisema. "Nimwambie nini?"

Nilikuwa na majibu ya wiki hiyo mkononi. Yalikuwa mazuri, mazuri kuliko nilivyowahi kuyaona pale. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba chupa husema habari za siku maji yalipochotwa tu. Za siku nyingine hazijui. Na nikamwambia kwamba mwenyekiti wa chama alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama wakitia klorini kidogo tu vyooni, kidogo sana, kungekuwa na ubaya gani.

Nilimsikia akihamisha magongo.

"Basi nitamwambia asiingie Jumamosi," alisema.

Kutoka siku hiyo, mama yule hachimbi Jumamosi. Ananiambia hajui sababu. Aliambiwa tu na mwenye shamba, ambaye siku hiyo hukaa juu kwenye kiti karibu na bomba, akitazama rangi ya maji mpaka nyimbo za akina mama wanaoosha vyoo shuleni ziishe.